Unga wa Pakiti au Kusaga Wenyewe?

Swali hili huzuka katika vikundi vingi: je, tununue unga wa mahindi wa pakiti, au tupeleke mahindi yetu kwa mashine ya kusaga? Wengine husema wa pakiti ni safi kwa kuwa umetoka kiwandani. Wengine nao husema, "La, wa nyumbani ndio salama, shamba tunalijua." Kila upande una ukweli wake. Hebu tuyatazame mambo haya moja baada ya jingine.

Uzuri wa kila mmoja

Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezewe vitamini na madini, kama vile chuma na zinki. Hilo ni jambo jema kwa mama mjamzito na watoto. Pia unga mweupe uliokobolewa hukaa muda mrefu bila kuharibika.

Unga tunaosaga bila kukoboa hubaki na ganda na kiini, na humo ndimo mna chakula kingi cha mwili. Lakini kiini kina mafuta, na mafuta huchacha. Basi saga unga wa wiki moja au mbili tu, si debe zima la kukaa miezi.

Sumu isiyoonekana

Mahindi yakiwekwa na unyevu huota kuvu. Kuvu wengine hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini. Kuchemsha ugali au uji hakuiondoi.

Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu hii na 125 wakafa. Mahindi mengi waliyokula hayakutoka dukani. Yalikuwa yao wenyewe, waliyovuna na kuyaweka yakiwa bado na unyevu. Tena Novemba 2019, KEBS ilisimamisha aina 5 za unga wa pakiti kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Kwa hivyo hatari iko pande zote mbili.

Tofauti ni hii: mahindi yakishasagwa, huwezi tena kuona yalikuwaje. Anayenunua pakiti anategemea macho ya mwingine. Anayesaga mwenyewe anayo nafasi ya kutazama kabla. Asipoitumia nafasi hiyo, hana faida yoyote juu ya yule wa pakiti.

Kabla ya kwenda kwa mashine

1. Anika mahindi juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Kuvu huishi udongoni.

2. Pima ukavu kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo. Tikisa vizuri, kisha iache kwa dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani. Isiposhika, yaongezee siku moja ya jua ndipo uyaweke.

3. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pasipovuja.

4. Siku ya kusaga, pepeta, kisha chagua kwa mkono. Toa punje zilizooza, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu au zilizobadilika rangi.

5. Punje mbaya zizikwe. Si za kuku, si za ng'ombe, wala si za busaa. Ng'ombe akila, sumu hupita hadi kwenye maziwa ya watoto wako.

Kuchagua hupunguza sumu, lakini hakuimalizi, kwani punje nzuri kwa macho yaweza kuwa nayo. Ndiyo maana kukausha ndiko ngao ya kwanza. Na ukinunua pakiti, tazama alama ya KEBS na tarehe ya mwisho, na usichukue iliyolowa au kuraruka.

Hesabu ya pesa

Gorogoro moja ya mahindi ni karibu kilo 2, sawa na pakiti ya kawaida, kwa hivyo kulinganisha ni rahisi. Chukua bei ya gorogoro, ongeza pesa za kusaga na za usafiri. Kisha kumbuka zile punje ulizotupa. Usizirudishe guniani kwa kuonea uchungu shilingi chache. Hospitali ni ghali zaidi.

Kikundi kinaweza kununua turubai moja kubwa na kulitumia kwa zamu wakati wa mavuno. Ni kitu ambacho mtu mmoja hukiona ghali, lakini wanachama 20 hawakioni hivyo.

Ya kujadili katika kikundi

- Msimu uliopita tulianika wapi mahindi yetu?
- Punje mbaya huwa tunazipeleka wapi?
- Ni nani atakayeleta chupa na chumvi mkutano ujao, tupime pamoja?