Intumba na Udongo wa Miteremko ya Ufipa



Shamba la mteremkoni lina adui mmoja mkubwa, naye ni maji ya mvua yashukayo kwa kasi na kuchukua udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba. Hapa Ufipa, penye nyasi nyingi na miti michache, wazee wetu walimkabili adui huyo kwa matuta ya duara yaitwayo intumba.

Kazi yake ni hii. Mvua zinapokaribia kwisha, ardhi ingali laini, mkulima hukata mabonge ya udongo pamoja na nyasi zake, akayapindua na kuyarundika, nyasi zikabaki ndani. Juu ya tuta hupandwa maharage. Nyasi huoza na kuwa mbolea, na maji hupungua mwendo. Mvua za msimu ufuatao zikianza, tuta hubomolewa, udongo husambazwa, na ulezi hupandwa.

Tujifunze pia kutoka Uluguru. Huko serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi. Udongo duni wa chini ukaletwa juu, na mwaka 1955 wananchi waliupinga mpango huo hata ukaachwa. Matuta ya ngazi si mabaya, lakini yahitaji udongo wa kina na samadi.

Basi, alimaye kwa plau asifuate mteremko, bali aukingame. Nyasi zifukiwe, zisichomwe. Mbolea ya dukani itatufaa nini, ikiwa udongo wenyewe umekwisha kwenda bondeni?