Nyumba isiyoingiwa mtu kando ya chemchemi

Watu wa pwani wakizungumzia mizimu, hawachelewi kutaja nyumba. Bagamoyo au Unguja, mwenyeji atakuonyesha gofu la zamani linalotazama bahari na kukuonya usipite hapo jua likishazama. Husemwa kuna sauti za watu wasioonekana, au taa inayowaka mahali pasipo na mtu. Karibu kila mji wa pwani una gofu lake, na kila gofu lina masimulizi yake.

Mbulu na Hanang hakuna bahari. Maji ya huku ni chemchemi za vilimani, vijito vya mabondeni na maziwa kama Tlawi upande wa Mbulu, na Basotu na Balangida upande wa Hanang. Hata hivyo masimulizi yapo, na nyumba ya kuogopwa ilikuwapo pia. Tofauti ni moja tu: katika nyumba hiyo hapakuwa na wafu wanaotembea usiku. Waliokuwamo walikuwa hai. Walikuwa baba, mama na watoto ambao majirani waliwazunguka mbali, kwa hofu ya kinachokaa majini.

Ni habari ambayo bibi na babu wengi wa Kiiraqw wanaifahamu, na ambayo wajukuu wao huisikia nusunusu. Inafaa isimuliwe yote, kwa kuwa ndani yake mna mambo ya kurithi na mna mambo ya kuacha.

Wenye maji

Katika imani ya zamani ya Wairaqw, ulimwengu una pande mbili. Juu yupo Lo'a, anayehusishwa na jua na anayesemwa kama mama: mpole, mwenye huruma, mtoaji wa baraka. Chini, katika chemchemi na vijito, wanakaa netlangw. Hao ni roho wa majini, na sifa yao si ya upole. Wakiudhika huleta ugonjwa kwa watu na mifugo, na shari yao haiishii kwa mkosaji peke yake. Inaweza kumfikia jirani yake, na hata nchi nzima.

Kwa hiyo mtoto aliyetumwa maji alikwenda na masharti yake. Chemchemi haikuwa mahali pa mchezo, wala pa kukaa jioni bila sababu. Wakubwa nao walikuwa na masharti yao, na yalikuwa mazito zaidi.

Ugonjwa usioeleweka ulipoingia nyumbani, mwenye nyumba alikwenda kwa mganga mtabiri, anayeitwa qwaslarmo. Huyo ndiye aliyetafuta chanzo. Akiona kwamba ni netlangw, alielekeza mnyama gani achinjwe na nini kifanyike ili amani irudi kati ya nyumba ile na maji.

Nyumba iliyotengwa

Kinachowaudhi netlangw kuliko vyote, kwa mujibu wa imani hiyo, ni unajisi. Unajisi huo haukuwa uchafu wa kuosha kwa maji na sabuni. Uliletwa na matukio ya maisha, hasa kifo ndani ya familia, na kwa uzito wa pekee kifo cha mtoto mchanga.

Nyumba iliyopatwa na tukio la namna hiyo iliingia katika hali inayoitwa metimani. Watu wake walitengwa. Hawakuingia nyumba za wengine wala wengine hawakuingia kwao. Hawakunywa pombe pamoja na majirani, jambo ambalo kwa jamii inayomalizia shughuli nyingi kwenye chungu cha pombe ya mtama ni sawa na kufungiwa mlango wa kijiji. Hawakuchota maji pale wanapochota wenzao. Njia inayopita mlangoni kwao ilipata njia nyingine ya kuizunguka.

Muda wa kutengwa ulitegemea tukio. Ulikuwa wa miezi, na kwa baadhi ya misiba uliweza kukaribia mwaka.

Nyumba ya asili ya Kiiraqw yenyewe iliongeza upweke huo. Wazee walijenga tembe kwa kuchimba ubavu wa kilima, paa likafunikwa udongo na kuwa sawa na ardhi ya juu, ili maadui waliokuja kupora ng'ombe, hasa Wamaasai, wasiione kwa mbali. Ilikuwa kinga nzuri wakati wa vita. Kwa mama aliyezika kichanga na asiyeruhusiwa kutembelewa, nyumba hiyo hiyo ilikuwa giza juu ya giza.

Hapo ndipo hofu ya netlangw ilipodai gharama yake. Mtu anayehitaji majirani kuliko wote ni yule aliyefiwa, na huyo ndiye aliyenyimwa.

Msichana aliyevuka mpaka

Gharama kubwa zaidi ililipwa na msichana. Mimba ya msichana ambaye hajaolewa ilihesabiwa miongoni mwa unajisi mkubwa kabisa. Kumtenga ndani ya nyumba hakukutosha, kwa kuwa iliaminika kwamba akijifungulia ndani ya nchi, maji yatachafuka na watu wote watadhurika. Aliondolewa. Alitakiwa avuke mpaka wa nchi ya Wairaqw, akajifungulie porini au kwa watu wengine.

Mzazi wa leo akisikia hayo hujiuliza baba na mama yake walikuwa na moyo gani. Walikuwa na moyo kama wa mzazi yeyote. Lakini waliambiwa, na waliamini, kwamba wakimficha, mtoto wa jirani ataugua, na kosa litakuwa lao. Ukiwekewa mwanao upande mmoja na kijiji kizima upande mwingine, wachache husimama na mwanao.

Jambo linalofariji kidogo katika masimulizi hayo ni lile la ng'ambo ya mpaka. Majirani wa Wairaqw ni Wadatoga, wakiwamo Wabarbaig wa Hanang. Jamii hizi mbili zimewahi kuwa maadui, na zimewahi kuibiana ng'ombe na kuuana. Lugha zao hazina udugu, maana Kiiraqw ni cha Wakushi na Kidatoga ni cha Waniloti. Lakini mara nyingi msichana aliyefukuzwa kwao alipokelewa katika boma la Mdatoga. Alipata mahali pa kulala, akajifungua, na mtoto akakua akihesabiwa kuwa wa boma hilo. Kwa Wadatoga mtoto huyo alikuwa neema, si mkosi.

Ndiyo maana ukifuatilia koo za Mbulu na Hanang hukosi kukuta damu zilizochanganyika, na familia za Kidatoga ambazo bibi yao wa mbali alitoka Uiraqw. Kile ambacho upande mmoja ulikiona ni hatari kwa nchi, upande wa pili ulikiona ni mtoto, basi.

Kilichokuwa na maana

Si haki kuyacheka yote. Chemchemi inayoogopwa hailimwi mpaka ukingoni, wala mifugo haiachwi kuikanyagakanyaga ovyo. Mahali ambapo watu waliamini kwamba maji yana wenyewe, waliyakaribia kwa adabu. Leo, ambapo wengi wanaona chemchemi haina mwenyewe, miti ya ukingoni hukatwa na shamba husogea hatua moja kila msimu, hadi maji yanapopungua na akina mama kulazimika kutembea mbali zaidi na ndoo kichwani. Sheria ya nchi inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, lakini mita hizo zinahitaji mtu wa kuzisimamia. Zamani hofu peke yake ilikuwa mlinzi tosha.

Kutenga nyumba nako kuna sura inayofanana na karantini ya hospitali. Kufanana huko kusitudanganye. Daktari humtenga mwenye ugonjwa unaoambukiza, na humtenga kwa siku ambazo ugonjwa huo unaweza kuenea. Mama aliyefiwa na mtoto haambukizi kitu. Msichana mjamzito haambukizi kitu. Waliotengwa na metimani walibebeshwa huzuni au aibu yao kana kwamba ni tauni.

Mambo yamebadilika sana. Makanisa yameenea, shule zimejengwa, na hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisheni wa Kilutheri kutoka Norway katika miaka ya 1950, imekuwa kimbilio la akina mama wa Mbulu, Hanang na mikoa ya jirani. Wengi hawashiki tena metimani, na wanaoishika wameipunguza siku na makali.

Hofu ya zamani, hata hivyo, hupenda kubadili nguo. Kwa miaka mingi msichana wa Tanzania aliyepata mimba akiwa mwanafunzi aliondolewa shuleni bila njia ya kurudi, akielezwa kwamba atawaharibu wenzake. Hakuna aliyetaja netlangw, lakini wazo lilikuwa lile lile: mmoja aondolewe ili wengine wasichafuke. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana hao wanaweza kurejea katika shule za mfumo rasmi baada ya kujifungua. Mlango huo uko wazi sasa. Kilichobaki ni wazazi na majirani kumruhusu binti aupite akiwa ameinua kichwa.

Mlima uliposhuka

Kuna sababu nyingine ya kuyazungumza haya sasa. Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo viliteremka kutoka Mlima Hanang na kuufunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Wengine walikuwa bado kitandani.

Hanang ni mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na kwa Wabarbaig ni mahali patakatifu tangu enzi za mababu. Mlima wa namna hiyo ukiporomoka, swali la "nani kawaudhi wenyewe?" huja lenyewe, na mtoto aliyenusurika huwa wa kwanza kuliuliza. Asipojibiwa, hujijibu mwenyewe, na mara nyingi jibu lake ni kwamba mkosaji ni yeye. Hakumtii mama jana yake. Alichezea maji mahali alipokatazwa.

Wataalamu wa Serikali walieleza kilichotokea: mvua zilikuwa kubwa, sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ikanyonya maji mengi, ikalemewa na kumeguka, kisha tope likafuata njia ya mto hadi penye makazi. Maelezo hayo hayamrudishi aliyekufa. Lakini yana faida moja ambayo masimulizi ya roho hayana: hayamtafuti mtu wa kumlaumu. Tena yanaonyesha la kufanya, yaani kutojenga kwenye mkondo wa maji, kutunza miti ya mteremkoni, na kuhama mapema mto unapobadilika rangi na kubeba magogo.

Mzazi aseme nini?

Mwacha mila ni mtumwa, wahenga walisema, na wako wanaotumia methali hiyo kutaka kila kitu cha zamani kirudi. Lakini kushika mila ni pamoja na kujua ipi ilimlinda mtoto na ipi ilimtupa.

Mjukuu akiuliza kuhusu netlangw, bibi asimnyamazishe wala asimtishe. Amsimulie. Amwambie kwamba wazee wetu waliyaheshimu maji kiasi cha kuamini yana wenyewe, na heshima hiyo tunaihitaji hata leo. Kisha amsimulie pia habari za msichana aliyevushwa mpaka, na za boma lililomfungulia mlango, ili mtoto ajue kwamba hofu inaweza kumfanya mtu mwema amfukuze mwanawe.

Na nyumba ya jirani ikipatwa na msiba, au binti wa jirani akipata mimba, mzazi achukue ndoo ya maji kutoka chemchemi ile ile ya wote, aende hadi mlangoni, abishe hodi na aingie. Mtoto aliyemfuata nyuma atakuwa ameona. Huenda ikawa ndiyo mara ya kwanza katika ukoo huo mtu kuingia katika nyumba kama ile bila kungoja siku za kutengwa ziishe.