Chumba cha mwana anayekaribia baleghe



Mwana wa miaka 11 anapoomba chumba chake kipakwe rangi, jambo la kwanza limjialo mzazi ni gharama. Katika vilima vya mawe vya Mabatini na Igogo, hapa Mwanza, vyumba ni vichache na watoto ni wengi. Hata hivyo ombi hilo lisidharauliwe, kwani limekuja katika umri ambao dini yetu imeutaja waziwazi.

Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, Mtume (s.a.w.) ameagiza watoto waamrishwe swala wakiwa na miaka 7, na wafikapo 10 watenganishwe katika malazi. Agizo hilo halimlazimu baba kujenga chumba kipya. Vitanda viwili na pazia zito lililotundikwa kwenye waya baina yake huleta sitara. Nayo Surat An-Nur, aya ya 58, inataja nyakati 3 ambazo hata asiyebaleghe hawaingilii wakubwa ila kwa idhini: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wavuapo nguo, na baada ya Isha. Aya hiyo twawasomesha watoto kwa bidii. Ni wangapi kati yetu wabishao hodi kwenye mlango wao?

Tuje kwenye rangi yenyewe. Rangi za mafuta za zamani, hasa njano na nyekundu zilizokolea, huweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi kijulikanacho kuwa ni salama kwa mtoto, kwani hudhuru ubongo unaokua. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 katika milioni. Kwa hiyo ukuta wa zamani usipigwe msasa ukiwa mkavu. Uloweshwe kwanza, vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, na watoto wawe mbali mpaka kazi ikamilike. Kwa kuta za ndani, chagua rangi ya maji, na kopo lisomwe kabla ya kulipa.

Dirisha nalo litiwe wavu wenye matundu madogo. Wadudu wa ziwani, watokao kama moshi hasa mwezi unapoandama, hufuata taa na kuuchafua ukuta mpya kwa usiku mmoja.

Lililo zito zaidi ni picha. Kijana hutaka mchezaji wake wa mpira ukutani, na binti hutaka msanii. Maulamaa wamehitilafiana kuhusu picha za kamera, lakini mzazi anayeichana picha usiku mtoto akiwa amelala hajamfundisha kitu ila chuki. Amkalishe, amsimulie habari ya Bi Aisha (r.a.): pazia lake lenye picha halikumridhisha Mtume (s.a.w.), naye akalikata akalifanya mito. Kitambaa hakikutupwa. Na katika hadithi ya Anas (r.a.) aliyoipokea Bukhari, pazia liliamriwa kuondolewa kwa kuwa picha zake zilimshughulisha Mtume (s.a.w.) katika swala. Mtoto wa miaka 11 huielewa sababu hiyo.

Kwa mkazi wa Mwanza, kuelekea Kibla ni kuelekea kaskazini na kupinda kidogo mashariki. Mtoto aoneshwe ukuta wa upande huo kabla kopo halijafunguliwa, nao uachwe bila picha wala nakshi. Kuta tatu zilizobaki, rangi achague mwenyewe.