Mpira, Jamaa wa Mjini na Jiwe la Mfukoni

Huenda unamjua kijana kama huyu. Nyumbani ni mpole kabisa. Lakini Jumapili jioni anarudi kutoka uwanjani shati limeraruka, sauti imekauka, na mfukoni kuna jiwe. Ukimwuliza ilikuwaje, anajibu, "Sisi tulionewa." Hilo neno "sisi" ndilo la kuangaliwa.

Klabu zetu mbili kubwa zilikuwa kama nyumbani kwa wageni wa mjini. Abaluhya ilianzishwa mwaka 1964, Gor Mahia mwaka 1968. Mtu aliyetoka Kakamega au Siaya kutafuta kazi Nairobi mara nyingi hakuwa na jamaa wengi wa kumpokea. Uwanjani alisikia lugha yake, akapata habari za matanga ya nyumbani, na pengine akaambiwa ni wapi wanaandika watu. Tiketi ilikuwa ya mpira, lakini alichopata ni jamaa. Mwaka 1980 serikali iliagiza klabu ziache majina ya kikabila, na Abaluhya ikawa AFC Leopards. Jina likabadilika, isikuti ikaendelea kulia.

Je, fujo hutoka wapi? Wengi husema ni pombe, ama ukabila. Pombe ipo, sikatai. Ukabila nao hautoshi, maana Wajaluo na Waluhya wameoana hata mechi yao inaitwa ya mashemeji. Mimi naona hivi: kila kundi lina njia ya kumtambua mtu wake. Mwenye kazi hutoa mchango, mwenye ngoma hupiga, mwenye sauti huanzisha wimbo. Sasa yule asiye na chochote, ambaye hata kiongozi wa tawi hamjui jina, ataonyesha vipi kwamba yeye pia ni wa hapa? Jiwe halinunuliwi. Akirusha, wenzake humshangilia, na siku hiyo amekuwa mtu.

Machi 2012, katika uwanja wa Nyayo, mchezaji wa Gor alipewa kadi nyekundu dhidi ya Leopards. Viti viling'olewa, mechi ikasimama karibu nusu saa. Kisha wasimamizi wa uwanja wakaifungia Gor isiutumie. Waliodhani wanaitetea nyumba yao ndio walioifungia mlango.

(Tusichanganye hayo na msiba wa Oktoba 2010 hapo hapo Nyayo, watu saba walipokufa. Wale walikanyagwa katika msongamano wa kuingia, hawakuwa wakipigana.)

Polisi wanaweza kuzuia mkono uliokwisha inuliwa. Tawi la mashabiki linaweza kuanza mapema zaidi. Liwe na daftari la majina. Anayekuja mara ya kwanza apewe kazi: kubeba ngoma, kuhesabu watu kwenye basi, kukusanya mchango wa matanga. Kijana anayeitwa kwa jina lake huona haya kuokota jiwe, na anayehesabu watu wa basi hana hata nafasi ya kuliokota.