Walimu wa kwetu Doha: mbona tunakuja tukidhani tunajua?

Kila ukimalizika mwaka wa masomo, lifti ya jengo letu hapa West Bay hushusha masanduku na makochi wiki nzima. Fleti nyingi humu wamepangiwa walimu wa skuli binafsi, nami ni mmoja wao, nafundisha hisabati mwaka wa saba huu.

Mtu angedhani wanaoondoka mapema ni Wazungu tu. Wapo. Lakini wanaoniuma ni watu wa kwetu, wa Unguja na Mombasa, wanaoshindwa hata kumaliza mkataba wa kwanza. Kwa maoni yangu, ukaribu ndio unaotuponza. Mwalimu wa Dublin anajua kwamba hajui, basi anauliza: wiki inaanza Jumapili? Mama wa mwanafunzi nimpe mkono? Sisi hatuulizi. Dini yetu moja, buibui hilihili, halua tumeikuta. Halafu mtoto anasema jambo kwa Kiarabu cha Kighuba hukulifahamu, mzazi anapiga simu saa nne usiku kudai alama, na wewe unaumia kuliko yule wa Dublin, maana ulitarajia kupokewa kama ndugu.

Mwenzangu mmoja wa Unguja, mwalimu hodari kwelikweli, aliandika kwenye daftari la mtoto kwamba ni mvivu. Kwetu mzazi angeshukuru, akamshika mtoto sikio. Hapa baba alifika skuli asubuhi yake, pamoja na ami wa mtoto. Neno lile lingesemwa kwa mdomo, baada ya kahawa na kuulizana hali za nyumbani, lingepita. Limeandikwa, basi limekuwa aibu ya ukoo. Mwenzangu naye akaona kadhalilishwa, akaacha kazi mwezi wa saba. Sheria ya kazi ya Qatar inatoa kiinua mgongo, mshahara wa msingi wa wiki tatu au zaidi kwa kila mwaka, lakini lazima utimize mwaka. Hakupata kitu. Nyumba yake ya Fuoni imefika kwenye linta, ikasimama hapo. Na wanafunzi wake walimaliza mwaka na mwalimu wa muda.

Kuhama siku hizi ni rahisi. Tangu 2020 huhitaji tena barua ya mwajiri kukuruhusu kwenda kazi nyingine. Unatoa notisi tu, ya mwezi, au miezi miwili ukishapita miaka miwili. Skuli haiwezi tena kumshika mwalimu kwa karatasi.

Wazee wetu waliorudi Oman baada ya 1970 waliikuta nchi ina skuli tatu, za wavulana tu. Wengine waliingia kufundisha na Kiarabu chao cha kuokoteza, wakaitwa Wazinjibari kwenye nchi ya babu zao, wakavumilia. Lakini tuseme kweli: baada ya 1964 wengi wao hawakuwa na pa kurudi. Sisi tuna tiketi mfukoni.

Mwaka huu amekuja dada mmoja wa Mombasa. Wiki ya kwanza tu alinigongea mlango na orodha ya majina ya wanafunzi, anataka nimsomee moja moja. Akaniuliza na zile simu za saa nne usiku, apokee au asipokee? Nikamwambia, mie napokea Jumapili mpaka Jumatano. Alhamisi usiku nazima.