Matende na Mabusha: Maradhi ya Mwili na Msaada wa Marafiki

Katika vijiji vya pwani ya kusini, tokea Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko hadi Mchinga na Lindi, kijana apendaye mno madafu hakosi kuonywa kwamba atapata busha. Onyo hilo ni la siku nyingi, na asili yake si vigumu kuitambua: mahali penye minazi mingi ndipo penye mabusha mengi. Hata hivyo, dafu halina hatia. Joto na unyevu wa pwani vinavyoustawisha mnazi humstawisha pia mbu, na mbu ndiye mwenye kesi.

Matende, yaani uvimbe wa miguu au mikono, na mabusha, yaani uvimbe wa korodani, ni sura mbili za maradhi mamoja. Husababishwa na mnyoo mwembamba kama uzi ambao wataalamu huuita Wuchereria bancrofti. Jike lake hufikia urefu wa sentimita 8 hadi 10, na huishi kwa miaka kadhaa ndani ya mishipa ya limfu, ile mishipa ambayo kazi yake ni kuyakusanya maji yaliyovuja kutoka katika damu na kuyarudisha. Humo huzaa vitoto visivyohesabika, ambavyo mchana hujificha ndani ya mwili na usiku hutoka kuogelea katika damu ya juu juu, hasa baina ya saa nne na saa nane, wakati ule ule ambapo mbu wanauma. Ndiyo maana wapimaji wa zamani walilazimika kuwaamsha wanakijiji usingizini ili kuwatoa damu. Mwaka 1877 daktari Patrick Manson, alipokuwa akifanya kazi katika mji wa Amoy nchini China, aligundua kwamba vitoto hivyo hukua ndani ya mwili wa mbu. Huo ulikuwa ushahidi wa mwanzo kwamba mdudu aumaye anaweza kuyalea maradhi ya binadamu.

Mnyoo ukaapo katika mishipa ya limfu huitanua na kuilegeza, hata maji yakashindwa kupanda na kubaki mguuni. Lakini mnyoo peke yake haufanyi mguu uwe mkubwa kama gogo. Adui wa pili ni bakteria, ambao hupenya katika nyufa ndogo za ngozi, hasa baina ya vidole. Mguu uliojaa maji hauna nguvu ya kupigana nao. Mgonjwa hushikwa na homa kali, kutetemeka na maumivu, akalala siku kadhaa bila ya kwenda shamba wala baharini. Na homa ipitapo, huuacha mguu mnene kidogo kuliko ulivyokuwa. Kila shambulio huongeza lake.

Tanzania ilianza mpango wa kuyatokomeza maradhi haya mwaka 2000, ikianzia kisiwani Mafia na kuendelea katika maeneo mengine ya pwani, ikiwemo Lindi. Wananchi hupewa dawa mbili, ivermektini na albendazoli, mara moja kwa mwaka kwa miaka isiyopungua mitano, ili vitoto vya minyoo vipungue katika damu na mbu akose cha kubeba. Ni kazi kubwa na yenye manufaa. Lakini yafaa isemwe wazi kwamba dawa hizo humkinga mtoto wa jirani zaidi kuliko zinavyomponya yule ambaye mguu wake umekwisha kuvimba. Mishipa iliyoharibika hairudi kuwa mipya. Huyo amebakiwa na maradhi ya kuishi nayo, na tiba yake kuu, kwa namna inayoweza kumshangaza msomaji, ni sabuni na maji.

Mguu huoshwa kila siku, taratibu, kwa maji yasiyo ya moto, tokea juu hadi katikati ya kila kidole, kisha hukaushwa kwa kitambaa safi bila ya kusugua. Nyufa na vidonda hutafutwa na kupakwa dawa. Mgonjwa akikaa au akilala huuinua mguu, na mara kwa mara huchezesha kifundo ili maji yapande. Atendaye hivyo bila ya kuacha hupungukiwa sana na homa, na pengine uvimbe wenyewe hunywea.

Sasa na afikiriwe mama wa makamo ambaye mguu wake ni mzito kiasi kwamba hawezi kuinama hata akavifikia vidole vyake, na kisima kiko mbali. Kwake agizo la kuosha kila siku ni maneno matupu, isipokuwa awepo somo yake wa kuteka ndoo, kuketi kwenye kigoda na kumtazamia pale ambapo macho yake hayafiki. Katika mji wa Recife nchini Brazili, na baadaye Haiti, jambo hili lilieleweka mapema. Tangu miaka ya 1990 wagonjwa walikusanyika katika vilabu vya matumaini, wakafundishana kuosha na kuvaa viatu, wakazungumza waliyoyaficha kwa miaka. Pwani ya Lindi haihitaji kuagiza jambo hili kutoka ng'ambo, kwani desturi ya kusaidiana katika misiba na harusi ipo tayari. Kilichokosekana ni kuifikisha penye ndoo na sabuni.

Kwa wanaume wenye mabusha kikwazo ni haya zaidi kuliko mzigo. Maji hukusanyika katika mfuko unaoizunguka korodani, na upasuaji wa kuyaondoa ni mdogo, nao huweza kufanywa katika hospitali ya wilaya. Hata hivyo mvuvi huvaa msuli mpana, huacha kwenda barazani kucheza bao, na hukaa na uvimbe huo miaka kumi au zaidi. Mara nyingi anayemtoa nyumbani si mganga wala bango la afya, bali ni mwenzake aliyepasuliwa kabla yake, ambaye humwambia kwa sauti ya chini ilivyokuwa, siku ngapi alilala, na lini alirudi kwenye ngalawa. Rafiki wa namna hiyo humsindikiza hospitalini, hungoja nje, na jioni hupeleka habari nyumbani. Kama huyo hayupo, jirani yeyote anaweza kuanza kwa kuacha ule mzaha wa madafu.