Kabla ya Kununua Klachi ya Tatu

Pikapu ya dizeli ikiendeshwa vizuri na kubeba mzigo wake halali, klachi moja yaweza kuvuka kilomita 100,000. Kwa hivyo kama ya kwako ilibadilishwa mwezi wa pili na kufikia wa saba inateleza tena, usikimbilie Kirinyaga Road kutafuta pleti nyingine. Pleti ndiyo iliyoumia. Kilichoiumiza bado kiko ndani ya gari, na kitaimaliza hata ile ghali utakayouziwa kesho.

Nina wasiwasi hasa na Hilux na Isuzu kuukuu zinazohudumia Laini Saba, kwa sababu wenye nazo ndio wasio na pesa za kufunga klachi mara mbili kwa mwaka. Upande huo wa Kibera ardhi inateremka kuelekea Mto Ngong na Bwawa la Nairobi. Njia ni nyembamba, na dereva anasonga kidogo, anasimama kupisha mkokoteni, anang'oa tena na mzigo mgongoni. Mitungi 50 ya lita 20 ikijaa maji ni tani moja kamili, na tani moja ndiyo kadirio la mzigo wa pikapu nyingi za aina hii. Mifuko 20 ya simiti ya kilo 50 ni tani hiyohiyo. Ongeza kumi juu yake, kisha ng'oa kwa gia ya pili kwa kuwa ya kwanza "inachelewesha", na joto linaloingia kwenye pleti laweza kufika mara tatu ya lile la gia ya kwanza, hata pakiwa tambarare.

Basi lawama zote humwendea dereva. Mara nyingine ni haki yake. Lakini dereva aliyekaa na klachi moja miaka mitano kwenye njia hizohizo, kwa mzigo uleule, hakusahau kuendesha ghafla. Hapo fundi aache kulaumu, aingie chini ya gari.

Na aanze kabla ya kushusha giaboksi. Pikapu nyingi za zamani zina silinda ndogo ya klachi iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, inayosukuma uma kwa fimbo fupi. Pedali ikiwa huru, shika uma na usukume fimbo irudi ndani ya silinda. Inapaswa kurudi polepole, mafuta yakipanda juu kwenye kopo lake. Ikigoma, kuna presha iliyofungiwa ndani, na rilizi beringi inakandamiza vidole vya presha pleti muda wote, kama vile kuna mguu juu ya pedali kutwa kucha. Ili kuthibitisha, subiri gari lipate joto na klachi ianze kuteleza, kisha legeza nati ya kutolea hewa. Mafuta yakiruka na klachi ikashika papo hapo, umeshapata chanzo bila kufungua bolti moja ya giaboksi.

Presha hiyo hufungiwaje? Pengine mtu alirefusha fimbo ya pedali ili "ishike juu", na sasa pistoni ya masta silinda hairudi nyuma vya kutosha kufungua tundu la kurudishia mafuta. Pengine paipu ya mpira imefura kwa ndani, ingawa nje inaonekana nzima. Sababu inayonikera zaidi ni ya tatu: mafuta ya breki yalipopungua, mtu alimimina mafuta ya injini badala ya DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya injini hufurisha mipira ya mfumo huu, na pistoni hukwama. Ukikuta mpira wa kifuniko cha kopo umevimba na kujikunja, usiongeze kitu. Badilisha mipira yote pamoja na paipu ya mpira, na uoshe mfumo mzima.

Kama upande huo ni salama, shusha giaboksi, na pleti ya zamani isitupwe. Inuse. Mafuta ya giaboksi yana harufu kali ya kiberiti; ya injini hayana. Ukikuta ya injini, sili ya nyuma ya krenki inavuja. Ukikuta ya giaboksi, ni sili ya shafti inayoingia kwenye klachi. Kufunga pleti mpya bila kubadilisha sili ni kuiloweka. Tazama pia vidole vya presha pleti: vikiwa vimechimbika mfereji mzito, beringi haikuwahi kupumzika, kwa hiyo rudi kwenye ile fimbo fupi. Matundu ya meno katikati ya pleti yakiwa yamelika, au springi zake zimevunjika, shuku beringi ndogo iliyo nyuma ya krenki, au giaboksi iliyokaa upande.

Flaiwili ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa kuipeleka kwenye leidhi ni gharama nyingine na siku nzima bila kazi. Madoa ya buluu na nyufa ndogo ni alama za joto. Uso wa namna hiyo hausugui sawasawa, na pleti mpya huanza kuungua wiki ya kwanza. Mwambie wa leidhi jambo moja: kama flaiwili ina ngazi, yaani mahali pa kusugulia ni chini kuliko mahali presha pleti inapofungwa, nyuso zote mbili zikatwe kiasi kilekile. Akikata ya ndani peke yake, presha pleti haibani kwa nguvu zake zote, na gari litateleza kila kitu kikiwa kipya.

Kilichobaki ni kufunga. Gereji nyingi za jua kali hazina jeki ya giaboksi, hivyo vijana wawili huiinua kwa mikono. Hilo silo kosa. Kosa ni kuiacha ining'inie kwa shafti iliyoingia kwenye pleti huku mtu anatafuta bolti. Uzito huo hupinda pleti kabla haijafanya kazi hata dakika moja. Iwekewe gogo au jeki ya kawaida mpaka bolti zishike pande zote. Na kati ya injini na giaboksi kuna pini mbili fupi za kulenga, ambazo hupotea kwenye mchanga wakati wa kushusha. Bila pini hizo bolti zitakaza vizuri tu, lakini giaboksi itakuwa imekaa kombo. Ziitishe uzione kwa macho kabla bolti ya kwanza haijaingia.